Usiufanyie Chochote

Thamesmead, London
14 Septemba 2023

Mke wangu mpendwa, Bibi Anastasia,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na baridi ya Kilema haijaanza kukuchokoza magoti. Mimi sijambo. Uuguzi unaendelea. Wodi yetu imejaa wazee wanaoniuliza natoka wapi, na nikiwajibu Kilimanjaro wanataka kujua kama nimewahi kuupanda mlima. Nawaambia bibi yangu anaupanda kila asubuhi akienda kumkatia ng'ombe majani. Wanacheka, lakini hawaamini.

Baba alinipigia simu Jumapili. Anasema umekataa kuvaa kile kifaa cha masikio, eti kinakuletea ugomvi wa majirani ndani ya kichwa. Basi tuendelee kuandikiana. Posta inatembea kama kobe, ila inafika.

Bibi, nina swali la shamba. Nyumba ninayopanga ina bustani ndogo nyuma, ukubwa wa sebule yako. Nina rafiki anaitwa Nishma, tunafanya kazi hospitali moja, yeye yuko maabara. Mama yake, marehemu Lila, alifariki mwaka jana, na nyumba yao ya Wembley imeuzwa. Sasa Nishma anaishi ghorofani, hukohuko Wembley, na mama yake mdogo, Hansa, mahali ambapo huwezi kupanda hata kitunguu. Kwa hiyo akaniomba nimtunzie mmea mmoja wa mama yake. Waingereza wanauita sea holly. Majani yana miiba, ua lina miiba, na ikifika kiangazi unageuka buluu mpaka kwenye shina, kama uliochovywa kwenye wino. Mzizi wake mkubwa ni mmoja, unashuka chini kama karoti, na haupendi kuhamishwa. Tulichimba mchana kutwa kuutoa, na bado ncha ilikatikia ardhini. Katika bustani nzima ya mama yake, huo tu ndio uliokuwa umebaki.

Nilimuuliza Nishma nautunzaje. Akasema, "Usiufanyie chochote." Maji je? Hapana. Mbolea? "Hapana kabisa, Samson. Uache tu."

Bibi, wewe umelima maisha yako yote. Hivi kweli kuna mmea usiotaka kufanyiwa chochote?

Mjukuu wako na mumeo,
Samson


Kilema
12 Oktoba 2023

Mume wangu Samson,

Marahaba. Sijambo. Goti la kushoto linalalamika, la kulia limeshazoea kulisikiliza. Ng'ombe ana mimba. Migomba imezaa vizuri, na nyani wamelijua hilo kabla yangu. Kile kifaa cha masikio nimekihifadhi kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na vyote vinamngoja mgeni wa maana.

Baba yako alinionyesha picha ya mmea uliyomtumia kwenye simu yake. Mume wangu, ile ni mbaruti. Huku tunaing'oa na kuitupa njiani ikauke, na mbuzi wanaikwepa. Wewe umepanda ndege, umevuka bahari, umefika mji wa wafalme, unalea mbaruti ya watu. Haya, kila mtu na riziki yake.

Lakini umeuliza, nami nitakujibu, maana nimekulea mimi. Mgeni akija hapa nikimuuliza kama amekula, anasemaje? "Nimeshiba Mama, usijisumbue." Je, uliwahi kuniona nikimwacha aondoke na njaa? Si nilikuwa nakutuma jikoni kabla hajamaliza kusema? Msichana mwenye adabu hawezi kukuambia, Samson, beba samadi, chota maji, toka jasho kwa ajili ya ua la mama yangu. Anasema usifanye chochote, halafu anakaa pembeni aone utafanya nini. Anakupima. Mimi nilimwambia babu yako sihitaji kuni, na kesho yake akaja na mzigo uliomfanya atembee upande upande. Angenisikiliza, leo usingekuwepo.

Weka samadi ya ng'ombe, iliyooza vizuri. Uzungushie nyingi, na mwagilia jioni. Mmea uliofiwa na mwenyewe ndio wa kulishwa zaidi.

Halafu huyo rafiki. Barua nzima umemtaja yeye kuliko hata mmea. Mimi ndiye mke mkubwa, nina haki ya kuulizwa. Anakula ndizi?

Bibi yako,
Anastasia


Thamesmead
19 Novemba 2023

Mke mkubwa,

Shikamoo tena na tena. Nafurahi kusikia ng'ombe ana mimba. Hapa giza linaingia saa kumi alasiri, nikitoka kazini nahisi kama nimeibiwa siku. Mambo mengine ni mazuri. Nimepata misa ya Kiswahili huko Barking, mara moja kwa mwezi, na kwaya yao ingekufanya uvae kifaa chako kwa hiari.

Samadi nimeweka. Ya ng'ombe sikuipata, nimepata ya farasi kwa mzee mmoja anayewafuga nje kidogo ya mtaa. Nilipakia gunia kwenye basi. Abiria walihama viti mmoja mmoja mpaka huku nyuma nikabaki peke yangu kama mheshimiwa. Nimeuzungushia mmea mpaka umezama shingoni, na maji nautilia kila jioni. Bibi, umetoa majani mapya mapana, laini, hata miiba imepungua ukali. Nautazama najiona mkulima.

Nishma hajaja kuuona. Kutoka Wembley mpaka hapa ni kukatiza London nzima. Lakini kila tukikutana kwenye chakula cha mchana ananiuliza, "Hujaufanyia kitu?" Nami namjibu sijaufanyia, huku nacheka moyoni. Nataka aje aone mwenyewe.

Na ni rafiki tu, Bibi. Anakula ndizi. Mama yake na huyo mama mdogo walikulia Moshi mjini, wazazi wao walikuwa na duka la vitambaa, kwa hiyo Nishma Kiswahili anakisikia chote. Ukimsemesha tu, anakujibu kwa Kiingereza.

Wako,
Samson


Kilema
17 Desemba 2023

Mume wangu,

Marahaba. Noeli inakaribia na nyumba imeanza kujaa. Shangazi yako amekuja na watoto wanaotaka chipsi. Nimewapa ndizi, wamezitazama kama umeme umekatika. Kaka zako watakuja tarehe ishirini na tano asubuhi na kuondoka tarehe ishirini na tano jioni, kama kawaida yao.

Umesema duka la vitambaa, Moshi mjini. Kitambaa cha gauni langu la harusi nilinunua kwa Mhindi mmoja karibu na soko, mke wake alinipunguzia bei kwa sababu nilikuwa na haya. Siwezi kusema ndio hao, maduka yalikuwa mengi. Lakini siwezi kusema sio.

Rafiki tu. Haya. Babu yako naye alikuwa akija kwetu kumtazama ng'ombe tu.

Kuhusu mmea umefanya vizuri, ingawa farasi ni mnyama wa sherehe, samadi yake haina uzito. Kwa kuwa baridi yenu ni kali, sasa ufunike. Tandaza nyasi kavu na majani juu yake, mengi, kama tunavyofunika shina la mgomba. Usiuache uchi. Huyo mke mwenza akija akaukuta umelala chini ya blanketi, atajua kijana huyu amelelewa.

Noeli njema. Kula vizuri, usile baridi.

Bibi Anastasia


Thamesmead
11 Februari 2024

Shikamoo Bibi,

Natumaini mlisherehekea vizuri na nyani hawakualikwa. Hapa mvua inanyesha kila siku. Si mvua ya kwetu inayokuja, ikasema yake, ikaondoka. Hii inadondoka taratibu toka asubuhi mpaka usiku. Juzi mto Thames ulipanda sana. Mabasi yanachelewa. Wodini kuna mafua. Jirani yangu amenunua mbwa. Mbwa ni mweupe lakini kwa matope haya amekuwa wa kahawia.

Sina jipya zaidi. Nisalimie ng'ombe.

Samson


Kilema
9 Machi 2024

Samson,

Marahaba. Ng'ombe anakushukuru kwa salamu.

Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Mtoto anayenieleza habari ya mvua, mto, mabasi na mbwa wa jirani ni mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani. Hukuniita mke wangu hata mara moja. Umefanya nini? Mmea u hali gani? Na Nishma?

Nangoja.

Bibi


Thamesmead
7 Aprili 2024

Mke wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ile barua ya mbwa.

Mmea umeoza. Nilijua tangu Januari. Majani yalinyauka na nikajipa moyo kwamba ni majira ya baridi, kila kitu kimelala. Siku moja nikafunua yale majani makavu niliyoufunika nayo, nikagusa pale shina linapoanzia, kidole kikazama. Harufu yake sitakuandikia. Nikaufunika tena, nikaingia ndani, nikanawa mikono. Nishma aliendelea kuniuliza, nami nikaendelea kumwambia umelala tu.

Jumatatu ya Pasaka akaja bila kunipigia simu, amebeba chakula alichopika mama mdogo Hansa. Nilikuwa bado nakipeleka chakula jikoni, naye akawa ameshafika nyuma. Akainama, akafunua majani, akachota udongo akaunusa. Hakupiga kelele, Bibi. Ningependa angepiga. Aliniambia kwamba mmea huu asili yake ni pwani, kwenye kokoto na mchanga, ambako hakuna anayeulisha na maji hayatuami. Ukiupa udongo mnono unalegea, na ukiulowanisha wakati wa baridi unaoza shingo. Mama yake aliupenda kwa sababu hiyohiyo, alikuwa mgonjwa miaka mingi, na huo tu ndio uliomvumilia asipotoka nje.

Akasema, "Nilikuambia usiufanyie chochote." Akaniuliza ni nani aliyenishauri. Nikasema hakuna, ni akili yangu. Kisha akachukua jembe langu, akachimba mwenyewe mpaka chini, akaufunga ule mzizi kwenye gazeti na kuondoka nao. Kazini sasa anakula chakula cha mchana saa nyingine. Nimemwandikia ujumbe, hajibu.

Si rafiki tu, Bibi. Ulijua toka mwanzo. Sasa nimekuambia, na sijui kama kuna faida tena ya kukuambia.

Samson


Kilema
2 Mei 2024

Samson, mume wangu,

Leo hakuna habari za nyani.

Umemwambia hakuna aliyekushauri. Nani alikutuma unifiche? Mimi ndiye niliyesema samadi. Mimi niliyesema maji kila jioni, na mimi niliyesema majani juu. Mwenye mmea alisema neno moja, likaeleweka, nami nikakuambia alimaanisha jingine. Darasani nilichapa watoto kwa kosa hilo, la kujibu swali ambalo mwalimu hakuuliza.

Na kuna jambo nililizungushia utani. Niliogopa. Barua yako ya kwanza ilipofika nikaliona lile jina, nilijua, na nikasema moyoni, huyu sasa harudi. Kaka zako wananipenda lakini wanakuja kuchukua ndizi. Wewe ndiye unayeniandikia. Siku barua yako ikifika naisoma nikiwa nimesimama, halafu naisoma nimekaa, kisha namsomea ng'ombe. Ubaya sikuutakia mmea ule, Mungu ananiona. Nilitaka tu ulelewe kwa mkono wangu, ili na mimi niwemo kwenye hiyo bustani yako na yeye. Nakupenda, mjukuu wangu, na nilitaka nafasi.

Humu ndani ya bahasha kuna jani la sale. Nimelikata pale penye kaburi la babu yako na nimelifunga fundo. Wewe ni Mchagga, unajua. Kwetu aliyekosa akipeleka sale, aliyekosewa halikatai, hata kama jambo ni zito. Atalipokea na watu wakae wazungumze. Mpelekee Nishma kwa mkono wako. Mwambie mkosaji ni bibi yangu, mimi ni tarishi. Yeye si wa kwetu, halazimiki. Akilikataa usimbembeleze. Lizike bustanini na umwache kwa amani.

Na safari hii sikiliza. Ukifika mlangoni usifanye kitu cha ziada. Usibebe keki, usibebe maua. Toa jani, sema maneno, nyamaza.

Bibi yako,
Anastasia


Thamesmead
16 Juni 2024

Mke mkubwa,

Shikamoo. Jani lilifika, limegeuka njano lakini fundo halijalegea. Nililiweka kwenye mfuko wa shati na kupanda treni mpaka Wembley. Uwanjani kulikuwa na mechi, behewa zima watu wanaimba, na mimi nimeshika kifua kama mgonjwa wa moyo.

Mlango alifungua mama mdogo Hansa. Nikatoa jani. Bibi, yule mama aliliangalia, kisha akaweka kiganja mdomoni.

"Nani kafunga hili?" akauliza, Kiswahili cha Moshi kabisa.

"Bibi yangu, wa Kilema."

"Nishma!" akaita. "Njoo. Hii ni sale. Baba yangu aliletewa hii dukani, mwaka ule kijana wa ghala alipochoma moto stoo. Alilia, akaipokea. Hii haikataliwi, mwanangu. Njoo uisikie."

Nishma akaja, mikono ina udongo. Nikasema ulivyoniagiza. Kwamba mkosaji ni bibi yangu, aliyedhani "usiufanyie chochote" ni adabu ya mgeni anayesema ameshiba. Kwamba na mimi nilimdanganya, na hilo si la bibi, ni langu. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza kule, Bibi, ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia la samadi. Akanitazama, akalitazama jani. Mwisho akauliza, kwa Kiingereza chake, kama ni kweli umemsomea ng'ombe barua zangu. Maana barua yako nilikuwa nayo, na mama mdogo Hansa alikuwa ameshaninyang'anya anaisoma kwa sauti, yote, hata pale uliposema unanipenda.

Nishma akacheka. Kisha akalia kidogo. Kisha akalipokea jani kwa mikono miwili.

Akanipeleka dirishani. Kule chini ardhini ambako samadi yangu haikufika, mzizi ulikuwa mzima. Alikuwa ameukata vipande, akavipanda kwenye vikopo vya mchanga na kokoto. Vingine vimekufa. Vingine vimetoa vijani, vidogo, vya mviringo, bado havijajifunza miiba. Kimoja amenipa. Kipo bustanini, nimekichimbia mahali pakavu penye jua, nimekizungushia kokoto, na Jumamosi zote anakuja kuhakikisha sikigusi. Tunaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, tunakitazama. Hatukifanyii chochote.

Amesema mstari wa mwisho ataandika mwenyewe. Mama mdogo amemsimamia kama mwalimu.

Mumeo,
Samson

Shikamoo Bibi. Mimi ni Nishma. Sale nimepokea, nimeiweka pamoja na maua makavu ya mama yangu. Ua moja nakutumia wewe. Nakula ndizi. Nafasi ipo. Samadi, hapana.


Kilema
14 Julai 2024

Mume wangu, na mke mwenzangu,

Marahaba, wote wawili. Ng'ombe amezaa jike, na jina lake ni Wembley. Padri ameuliza sababu, nimemwambia sisikii.

Ua limefika. Limenichoma kidole nilipofungua bahasha, nikajua ni la kwenu. Rangi bado ipo, nimewaonyesha majirani na wote wamesema ni mbaruti, nami nimewajibu hawajui kitu. Mwambieni Hansa aniandikie duka lao lilikuwa upande gani wa soko.

Nimelisimamisha kwenye kikombe kimoja cha wageni, mbele ya picha ya babu yako. Kifaa cha masikio kimetoka kabatini pia, ila nimeahidi kukivaa siku nitakayosikia gari lenu likipanda huku, si kabla.

Kila asubuhi napita pale na ndoo yangu. Mkono unaniwasha, Samson, wewe unanijua. Napita tu. Sijaliwekea maji, sijalihamisha, sijalifuta vumbi. Nalisalimia, naenda kukata majani.

Bibi yenu,
Anastasia